Mpira wa Kamba

Walisema kriketi ni ya watoto wa matajiri, si ya mwana wa mkata mkonge wa Yatta. Nimeichezea nchi yangu mpaka nikastaafu, nikafundisha ng'ambo, nikarudi na diploma ya ukocha, nikajenga nyumba ya ghorofa bila kusaidiwa tofali hata moja.

Jana nilinunua kamba ya mkonge sokoni Tala. Nilipoinusa, ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye pengo la jino.

Mpira wetu wa utotoni ulikuwa jiwe lililozungushiwa kamba kama hiyo, ikalowekwa mpaka ikakaza. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeurusha, nami nikisubiri kuupiga kwa ubao uliong'olewa kwenye mkokoteni. "Ukirudi nyuma," aliniambia, "huo ubao huushiki tena."

Wa kwanza ulinipata mbavuni. Wa pili ulinipasua mdomo.

"Kavisi, kavulana wewe, enda kwa mama ukanyonye!" wavulana wakacheka.

Nilitema jino pamoja na damu, nikaushika ubao wangu. "Rusha!"

Akarusha kwa nguvu zake zote. Mguu wangu haukurudi nyuma. Nikapiga. Mpira ukarudi kwa njia ile ile uliyojia, ukamvunja pua. Alianguka akipiga mayowe, na hakuna aliyecheka tena. Ubao ulibaki wangu.

Leo asubuhi nilimpa kaka ile kamba anifungie ng'ombe. Aliinusa, akaigusa pua yake iliyopinda, kisha akainama na kukaza fundo.