Vidumbaki Visivyoota Moto

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na ushahidi upo. Njoo nyumbani kwangu Konde uniwashie jiko. Ukiweza, niite mwongo mbele za watu. Hajaweza mtu mpaka leo. Sikuota, sikuwa na homa, wala sikuhadithiwa na shoga yangu. Na haikuwa usiku. Nimechoka na watu wanaosema mashetani ni wa usiku. Huyu wangu nilikutana naye adhuhuri, jua likiwa utosini, nimeshika mkono wa mwanangu. Usiniulize kama alikuwa na kivuli. Saa ile hata mimi sikuwa nacho.

Chanzo ni binti yangu, Zuwena. Mtoto huyu hawezi kukaa na kitu asikipige. Sinia, beseni, mlango, kifuniko cha chungu, mgongo wa baba yake akisujudu. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba hapigi ovyo. Wanawake waliopita na ndoo za maji walikuwa wakijikuta wanatembea kwa mapigo yake, kisha wananitazama mimi kana kwamba nimewafanyia utani.

Siku moja akaupiga mtungi wa mama mkwe wangu, Bi Time, aliyekuja kututembelea kutoka Shumba. Mtungi ule aliurithi kwa mamake. Ulilia vizuri, kisha ukawa vigae.

Bi Time hakugomba. Aliokota vigae kimoja kimoja akavifunga kwenye pindo la kanga, ndipo akasema, "Ntoto huyu ana wakubwa zake kichwani, mashetani hao. Nitamchukua Shumba nikamtulize."

"Mama, mtoto anataka ngoma tu."

"Basi mnunulie. Nikirudi nikimkuta bado anapiga vyombo, nnaondoka naye. Wewe endelea kusoma vitabu vyako."

Mume wangu alikuwapo. Mlitaka aseme nini? Alianza kutafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

Mimi nimesoma skuli Unguja, najua maana ya mtu akisema atakutulizia mtoto. Nilimwona binti wa jirani alivyotulizwa kwa bibi yake. Alirudi hazungumzi mpaka asemeshwe. Kesho yake asubuhi nikamshika Zuwena mkono, tukakata msitu wa Ngezi kwenda Makangale kwa fundi wa ngoma.

Mtoto anayeanza hahitaji mengi. Vidumbaki viwili vinamtosha, zile ngoma ndogo za udongo zinazopakatwa magotini, kimoja cha sauti nyembamba na kimoja cha sauti nzito. Fundi alinieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Pitisha kidole ukingoni usikie kama kuna ufa. Ngozi iwe ya mbuzi, si ya ng'ombe, maana mkono wa mtoto hauiwezi. Kisha akawasha makuti makavu, akaizungusha ngoma juu ya moto mpaka ngozi ikakaza, ndipo akaigonga. "Ngoma baridi haisemi kweli," akasema. Hasa masika, ngozi ikinyonya unyevu, bila moto inalia kama mkeka.

Kisha akataja bei. Nikamuuliza kama anauza ngoma au shamba. Alikuwa na nyingine rahisi, ngoma ya mbao, kubwa kuliko mtoto mwenyewe na imepasuka ukingoni. Nikaikataa. Tukarudi mikono mitupu, Zuwena analia, mimi nimejaa hasira mpaka kooni.

Pale msitu unapokwisha, kando ya njia, alikaa mwanamke. Amejifunika kanga mbili, na anatetemeka kama mtu aliyetolewa kisimani, katika jua lile. Miguuni pake vidumbaki viwili.

"Asalaam alaykum, bibi."

"Nawe pia," akasema.

Hapo ningegeuka. Nani Pemba hii anaitikia salamu hivyo? Lakini nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika huona wenzake wote hawana adabu, hastaajabu.

"Mtoto anataka ngoma," akasema. Hakuuliza. Akamsogezea Zuwena. "Piga."

Nilizigusa kwanza, kama fundi alivyonifundisha. Ukingo mzima, ngozi ya mbuzi, tena mbichi kwa umande na baridi kama jongoo. Zuwena akapiga. Wallahi, zililia kavu na safi, kana kwamba zimetoka motoni sasa hivi. Nami, msomi, nikajiambia: hizi ndizo bora, hata hazitaki kupashwa.

"Bei gani?"

"Nna baridi. Nipe moto wa jiko lako."

Wewe msomaji unajua kwetu moto haunyimwi. Na miaka hii ya vita, vibiriti vikipatikana kwa bahati, kila asubuhi mtu anapita kwa jirani na kumbi la nazi kuomba kaa la moto. Ningemnyimaje?

"Haya, tufuate ukachukue. Kumbi lako liko wapi?"

"Sema umenipa."

"Nimesema njoo."

"Sema umenipa."

Jua linanichoma, mtoto keshabeba ngoma. "Nimekupa, bibi, nimekupa. Moto wa jiko langu nimekupa. Unakuja au huji?"

Akaacha kutetemeka. "Nishachukua," akasema, na akaanza kujifunua kanga. Nikamwacha hapo hapo, tukaondoka na ngoma.

Nyumbani nilikuta mafiga baridi. Makaa niliyoyafukia kwenye jivu yamekuwa mawe. Nikaomba kaa kwa jirani. Likazimika nilipovuka mlango. Nikaomba jingine, likazimika palepale. Kibiriti cha akiba nikakimaliza chote, kila kijiti kinatoa moshi na kufa. Nikazilaumu kuni, nikamlaumu jirani, nikamlaumu mume wangu kwa kuniletea kuni mbichi, naye akaniapia kwamba ni mkarafuu uliokufa tangu babu yake. Tukawa tunakula kwa majirani kama wasafiri. Na ngoma zinalia. Mvua inanyesha, kila kitu ndani kimelowa, ngoma zinalia vilevile, kavu, safi. Nilifurahi, niamini. Nilidhani angalau hilo moja nimelipatia.

Kisha kibatari nacho kikakataa kuwaka. Na jioni moja nikamwosha Zuwena mikono, nikaiona imekuwa baridi. Si baridi ya maji. Nikaisugua kwa mafuta, nikaitia kwapani kwangu, haikupata joto. Kucha zimekuwa za buluu.

"Inauma?"

"Haiumi mama. Siisikii."

Nikaichukua ngoma nikaiweka pembeni, na nusura niiangushe. Ngozi ilikuwa moto kama shavu la mtoto mwenye homa.

Sikumwambia mtu. Asubuhi nikabeba ngoma kichwani na Zuwena mgongoni, ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa. Adhuhuri ikatukuta pale pale. Na mwanamke yupo. Amenenepa. Anatokwa jasho, anajipepea kwa jani la mgomba.

Nikamshusha Zuwena, nikaziweka ngoma chini. "Ngoma zako hizi."

"Zimekuudhi?"

"Mikono ya mwanangu iko baridi. Mimi nilikupa moto wa jiko. Joto la mtoto nani alikupa?"

"Jiko limekwisha," akasema, kama muuza duka anayekueleza unga umekwisha. "Ngoma haziwezi kulia bila joto. Lisipozipasha jiko, anazipasha anayezipiga."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Ningempiga. Kweli ningempiga, ningejua mkono utatua wapi. "Zichukue. Unirudishie joto la mtoto, na moto wangu."

"Nitarudisha kimoja. Chagua."

Kuna mama anayefikiri hapo? "Mtoto," nikasema. "Moto baki nao. Ukuunguze."

Akacheka sana. Mkono wa Zuwena ukapata joto ndani ya kiganja changu, ukazidi mpaka ukatoka jasho. Mtoto akauchomoa, akaanza kunipiga nyonga, vile vile, kwa mapigo. Nilipotazama tena njiani palikuwa na majani tu.

Bi Time alirudi akamkuta anapiga kifuniko cha chungu. Nilimsimulia yote, sikubakisha. Alimshika Zuwena mikono akaigeuza, akazitazama kucha, ambazo mpaka leo zina buluu kidogo mashinani. Kisha akaenda jikoni kwangu, akapuliza mafiga mchana kutwa mpaka macho yakawa mekundu.

"Kusoma kote huko," akasema alipotoka, "moto unakushinda."

Lakini hakuondoka na mtoto. Alituma watu Shumba walete mkeka na sanduku lake. Sasa anapika ng'ambo ya ua, kwenye kiwanja cha jirani, ambako moto unawaka, na kila siku ananiletea chakula na kunieleza nilichokosea maishani. Ngoma ya Zuwena aliinunua yeye. Mnakisia ipi? Ile kubwa ya mbao, iliyopasuka ukingoni. Kila alasiri wanakaa wawili huko huko wakiipasha kwa makuti, mmoja anageuza, mmoja anagonga, na inalia vibaya. Nami nasikiliza.

Ukimnunulia mtoto ngoma, basi, idai ipashwe moto mbele yako, na ikilia bila moto, iache hapo hapo. Na anayekuomba moto bila kumbi mkononi, usimwambie umempa.

Kila adhuhuri upepo ukitoka upande wa Ngezi, nasikia harufu ya kuni za mkarafuu, kuni zangu, na wali. Bi Time naye anaisikia. Huacha kusema, akanusa. Wali unaungua. Kila siku unaungua. Mwanamke yule amechukua moto wangu, na kupika hajui.