Kiondo Kilichokunjwa

Jana karani wetu mmoja alisimama mlangoni mwa ofisi yangu. Akanisalimia, akauliza watoto wanaendeleaje, akaizungumzia mvua. Nilikuwa na haraka zangu, nikamwambia, "Sema shida yako." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa napita tu, madam."

Mwenzangu, moyo ulinipasuka. Maneno hayo niliwahi kuyasikia nikiwa na miaka tisa, na hadi leo yananiuma.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, na sisi tuliishi na nyanya karibu na Matiliku. Nyanya alikuwa bado na akiba kidogo ghalani. Asubuhi moja alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda, jirani yetu akaja, kiondo amekikunja kwapani. Kwetu hakuna aliyetamka njaa. Mlisalimiana kwanza: mbuzi, kanisa, magoti yanayouma. Kisha mwenye nyumba husema, "Lete kiondo nikuwekee mahali," akaingia nacho ndani. Mgeni akiaga, hukikuta kimejaa na kufunikwa vizuri. Basi, hakuna aliyeomba.

Lakini mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kusema mambo waziwazi, bila kuzungukazunguka, nami nilijiona msomi. Salamu zilinichosha. Nikasema, "Nyanya, si umpe tu mahindi? Kiondo chake ni kitupu."

Mchi ukanyamaza. Jirani akacheka, akakibana kiondo zaidi. "Aa, mwaitu, mama yetu, mimi nilikuwa napita tu." Akaondoka.

Nyanya hakunichapa. Heri angenichapa. Alijaza kiondo chetu mwenyewe akanituma nikimbie. Nilimkuta jirani mlangoni pake, mafiga baridi, watoto wake wamesimama nyuma yake wakitazama kiondo.

"Kirudishe," akasema kwa upole. "Mwambie nyanya yako sisi tumekula."

Nilikirudisha huku nikilia. Kabla ya mvua jirani alihamia Kibwezi kwa kaka zake, na watoto wote. Kwa miaka mingi nyanya alikuwa akigeuka kanisani kila mlango ulipofunguliwa.

Nilikuwa nimesema kweli tupu, na bado naona aibu. Ghala lile lilishaanguka, na sijui ni nani siku hizi anayejua kukipokea kiondo cha mgeni.

Leo asubuhi nilimwendea yule karani mezani pake. Nikamuuliza habari za mama yake, na kama kwao mvua imenyesha. Alinijibu vizuri, kwa heshima. Nikangoja. Shida yake hakuitaja.