Mpiga picha anayefukuzwa na madereva wa Kilosa

Saa moja asubuhi, Rafaeli Mloka amepiga goti kando ya barabara ya Rudewa, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Kamera inaning'inia kifuani. Lori kuukuu la Chevrolet linakuja polepole, limejaa kuni, na mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.

Rafaeli anainua kamera. Dereva anakanyaga breki na kutoa kichwa dirishani.

"Wewe! Shusha hiyo kamera! Unataka na mimi nilale njaa?"

"Bwana Samweli, sipigi. Natazama tu."

"Katazame mke wako! Donati ulimtazama hivyo hivyo, leo yuko wapi?"

Lori linaondoka na kumwachia moshi. Rafaeli anajifuta vumbi usoni.

"Umesikia?" anamwambia mwandishi. "Hawa ndio waliokuwa wakinipigia honi nitoke niwapige picha. Leo wananifukuza kama mwizi wa kuku. Na wana haki."

Rafaeli, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa Munisagara. Anapiga picha za harusi na za kadi katika chumba kidogo karibu na stesheni. Picha moja ni shilingi nne, na mwezi mzuri humpa kama mia mbili. Filamu ni shida kupatikana, lakini katika kila filamu ya picha kumi na mbili huweka akiba mbili kwa ajili ya malori ya zamani yanayofanya kazi mpaka leo.

Lori lililoegeshwa halimvutii.

"Lililosimama ni bati tu," anasema. "Mimi nataka lenye mzigo, rejeta inachemka, abiria wanalaani. Lori la mwaka arobaini na nane ambalo leo linapeleka mgonjwa hospitali, hilo lina sura."

Mapenzi hayo yalianza utotoni. Wenzake wa Munisagara walikimbilia kutazama treni, yeye alikaa barabarani. "Treni ilikuwa inapita na watu wake. Lori lilisimama, mama yangu akapanda."

Picha aliyoipenda kuliko zote ni ya Bedford la Donati, dereva wa njia ya Msowero na Kilosa. Katika njia hiyo, kila abiria hupanda na kibuyu au chupa ya maji kwa ajili ya rejeta. Asiye na maji ndiye wa kwanza kushuka kusukuma, awe mzee wa heshima au bibi harusi. Rafaeli aliwapiga kina mama wakiwa wamelizunguka lori lililofunguliwa boneti, wakilinywesha kwa zamu, huku Donati akipiga hendeli ya kuwashia injini.

Mwezi wa Februari mwaka huu, 1975, ofisa mmoja wa usafirishaji aliingia chumbani kwake. Aliziona picha ukutani, akazisifu, akanywa chai. Akaomba nakala za malori yote ili zitundikwe kwenye maonyesho ya Saba Saba.

"Nilifurahi kama mtoto," Rafaeli anasema. "Nikasafisha picha sita, nikakataa fedha yake. Nyuma ya kila picha nikaandika jina la dereva na njia anayopita. Kwa mwandiko wangu mzuri!" Sasa amekaa chumbani kwake; anapiga meza, vikombe vinaruka.

Picha hazikungoja Saba Saba. Zilibandikwa kwenye kituo cha ukaguzi, na askari wakazitumia kuyatambua malori hayo moja baada ya jingine. Yote sita yakaamriwa kuondoka barabarani; la Samweli halikuwamo.

Mwandishi alipomuuliza, ofisa huyo, aliyeomba asitajwe jina, hakuona ubaya wowote.

"Wageni wanakwenda Mikumi kutazama tembo, njiani wanasimama kupiga picha makopo haya. Ni aibu kwa taifa huru," alisema. "Ndugu Rafaeli alitusaidia sana. Bila yeye tungeyatafuta mwaka mzima."

Kati ya malori mapya ambayo ofisi yake iliahidi badala ya yale sita, limefika moja. Limeegeshwa uani mwa ofisi tangu lilipofika, likisubiri klachi.

Rafaeli aliposomewa maneno ya ofisa alisema kwa sauti ndogo, "Nilimsaidia."

Msowero nyanya zinaozea mashambani. Bedford la Donati limesimama nyuma ya nyumba yake, na kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. "Mwambie mkubwa wako asante," Donati alimwambia Rafaeli alipokwenda kumtaka radhi. "Amenipa banda la kuku lenye usukani."

Mwamvua, mkulima na mama wa watoto watano, hakuwa na hamu ya mzaha. Siku hizi anabeba matenga kichwani hadi Kilosa, na akifika nusu ya nyanya zimepasuka.

"Shikamoo, mama," Rafaeli alimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kupiga picha nyanya zinavyooza?"

Wiki iliyopita ofisa alikwenda Msowero kuhutubia mkutano juu ya maendeleo ya usafiri. Rafaeli alikuwapo, amesimama nyuma kabisa. Mwamvua akanyoosha mkono.

"Mwaka jana mlipotuhamishia kijiji hiki, vitanda vyetu, kuku wetu, mama yangu hawezi hata kukaa, wote tulipandishwa lori hilihili la Donati. Siku ile mbona halikuwa aibu?"

"Ndugu mwananchi, ile ilikuwa dharura."

"Na mahindi yakivunwa tutayala kwa dharura gani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. Mwamvua hakukaa.

"Panda wewe mwenyewe, baba. Tulijaze magunia, ukae mbele na Donati mpaka Kilosa. Likikufia njiani, likatwe vyuma, hatutasema neno. Likifika, liachie barabara."

Mkutano mzima ukamgeukia ofisa. Alitazama gari lake, akatazama watu, akakubali. Safari ni Jumamosi hii.

Donati amefukuza kuku na kusugua plagi. Mlima mmoja tu baada ya Msowero ndio unaomtia wasiwasi, kwa sababu Bedford halijabeba mzigo tangu Machi. Likishindwa, njia hiyo haitakuwa na gari mavuno yakifika.

Juzi ofisa alimtumia Rafaeli ujumbe: aje na kamera yake, apige picha lori litakapokwama, kwa ajili ya kumbukumbu.

Rafaeli anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kicheko kikavu.

"Kumbukumbu! Siku hiyo kamera namwachia mke wangu, aifungie sandukuni. Mimi nitapanda juu ya magunia pamoja na Mwamvua. Picha moja ya lori hilo niliwapa, wakaifanya hati ya mashtaka. Hawapati ya pili. Jumamosi, anayetaka kuliona Bedford la Donati asimame barabarani alione linapita."