Mti Usiotaka Jua

Asubuhi ya mwisho waliyoamka wote wazima, fundi viatu alifagia majani chini ya mti wa mkewe. Alidhani anasaidia. Mkewe akasimamisha cherehani, akamtazama kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja vibaya. Akamwambia ayarudishe yote. Mizizi ya mti ule iko juujuu, na majani ndiyo shuka lake. Mzee mzima akapiga magoti, akarudisha jani baada ya jani, mama huyo akimcheka na sindano midomoni.

Wiki ileile mama akazikwa.

Mti wenyewe hakuna aliyewahi kuusifu. Mama aliuleta mche kutoka msituni ndani ya kopo la maziwa, akaupanda nyuma ya nyumba, chini ya mti mkubwa, mahali ambapo hata nguo hazikauki. Miaka ishirini na mitano, haujafika paa. Badala ya shina moja ulitoa matano membamba. Majani mapana, laini. Maua yamejibandika kwenye gome kama vifungo vilivyoshonwa na mlevi. Majirani waliuita Kibete. Mwana mkubwa, bwana wa ofisi, alishauri ukatwe ijengwe stoo.

Mwezi ulipokwisha, bwana huyo akaja na vibarua wawili, sepetu, na mpiga picha. Kibete sasa kimekuwa "mti wa mama". Kihamishiwe kaburini, palipo peupe, wageni wakione. Hotuba alikuwa nayo mfukoni, kurasa tatu. Mama alipokuwa hai, hata simu aliyompigia ilikuwa fupi.

Fundi viatu akaenda kusimama mbele ya mti. Mtu wa maneno mengi hajawahi kuwa.

"Baba, tunamuenzi mama. Huku nyuma gizani mti umeonewa mno."

"Hilo jua litauunguza."

"Nani kasema?"

"Mama yako."

Kisha akamwambia alivyosema mama, neno kwa neno, wala hakuongeza lake. Kibarua mmoja akacheka, akajikoholesha. Mpiga picha akafunika kamera. Sepetu zikarudi garini, na hotuba nayo.

Mama aliyasema asubuhi ile ya majani, mumewe akiwa bado magotini. Kwanza aliitoa sindano mdomoni:

"Mti huu ni kama wewe, mume wangu. Ukiachwa pembeni unachanua. Ukisimamishwa mbele za watu, unanyauka."