Anayenunua ni Mimi

Mtu wa kwanza aliyejaribu kuniuzia pikipiki kubwa hakuniangalia usoni hata mara moja. Ilikuwa Ibighi, hapa kwetu Tukuyu, nyuma ya gereji moja, asubuhi yenye ukungu mzito. Alimpa mume wangu mikono miwili, akamwita mzee, akamwambia, "Karibu uone chombo." Mume wangu ni fundi seremala na hajui kuendesha hata baiskeli. Tulikuwa tumefika pale kwa pikipiki yangu ndogo ya kazi, mimi mbele, yeye nyuma amenikumbatia kiunoni, na muuzaji alikuwa amesimama mlangoni anatuona tunavyoingia. Hata hivyo akaamua mnunuzi ni mume wangu.

Niseme kwanza kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Napandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija, bila dume, na wafugaji wananiita daktari ingawa mimi si daktari. Ng'ombe akionyesha dalili za joto, simu inalia, nami naondoka, iwe Kawetele, iwe Kisiba, matope au vumbi, mtungi wa mbegu nimeufunga nyuma ya siti. Nimeendesha kwa miaka mingi kwenye njia ambazo vijana wa bodaboda wanamwambia abiria ashuke atembee.

Lakini pikipiki ya kazi ni ya kazi. Mimi nilitaka nyingine, ya kwangu, ya spoti, yenye injini kubwa, ya kuendesha Jumamosi kwenye lami ya kutoka Uyole kushuka mpaka Kyela. Barabara ile inapanda na kujikunja katikati ya migomba na chai, na kila nilipopita na kipikipiki changu kinacholia kama cherehani nilijua namna ambavyo kona zake zingefaa kupitwa. Siku moja kundi la waendeshaji waliokuwa wakielekea Malawi walisimama kuweka mafuta Tukuyu. Nilikaa pale kituoni nawaangalia mpaka mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Niliuza mitamba yangu miwili, nikaongeza akiba niliyokuwa nayo. Haikutosha kununua pikipiki mpya, wala iliyotumika kidogo. Ilitosha kununua moja iliyochoka kiasi, kama ningechagua kwa makini. Mume wangu hakupinga. "Uliniacha ninunue mashine ya randa," alisema. "Na wewe nunua yako." Nikamwomba anisindikize, maana nilidhani mwanamume akiwa pembeni yangu sitadanganywa ovyo. Wazo hilo lilinigharimu.

Pale Ibighi nilichuchumaa nikaanza kukagua. Shokapu za mbele zilikuwa zimelowa mafuta. Ncha ya breki ya mkono ilikuwa imekwanguka, na kikanyagio cha upande uleule kimekwanguka pia, kwa hiyo iliwahi kulala chini ikaburuzika. Nikasogeza kiganja karibu na injini. Ilikuwa ya moto.

"Kwa nini injini ina moto?" niliuliza. "Nilikuomba kwenye simu usiiwashe kabla sijafika."

Muuzaji akamgeukia mume wangu. "Mwambie shemeji nilikuwa naisogeza tu kutoka kule ndani."

"Anakusikia," mume wangu akajibu.

"Sasa ipoe, niiwashe ikiwa ya baridi," nikasema. Pikipiki yenye tatizo la kuwaka inafichwa kwa kupashwa moto mapema, hilo kila anayeendesha analijua.

"Mzee, ikipoa betri itasumbua," akamwambia mume wangu. "Hii haina shida kabisa. Ni kuweka mafuta na kuondoka."

Tukaondoka bila hiyo pikipiki. Nilikuwa na hasira, lakini bado hasira ya kucheka. Njiani tulimwigiza yule bwana, "mwambie shemeji," mpaka nyumbani.

Ya pili tuliifuata Mbeya mjini, kwenye yadi ya kijana mmoja anayeuza pikipiki zilizotoka nje. Nilikuwa nimeona picha yake mtandaoni: ya bluu, cc mia sita, kava zote zipo. Kwa macho ilikuwa nzuri kweli. Kijana alikuwa na adabu, alituletea viti na soda, kisha akanishauri nikae kivulini wakati yeye na bosi wanaongea.

"Anayenunua ni mimi," nikamwambia.

"Sawa kabisa, mama. Hatujakataa," akasema, akamshika mume wangu mkono. "Bosi, panda uisikie uzito wake."

Nilitikisa kichwa. Mume wangu aliniona, naapa aliniona. Lakini kule kuitwa mzee na bosi kulikuwa kumeanza kumkolea. Akapanda, akashika usukani, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Kijana akamwambia ainyooshe, na yeye akainyoosha, kisha kwa sababu nisizozijua mpaka leo akarudisha stendi kwa mguu.

Pikipiki kubwa haianguki kwa haraka. Inainama kidogo, mtu anadhani ataizuia, na ikishapita kipimo fulani hakuna wa kuizuia. Mume wangu alienda nayo polepole mpaka sakafuni, akitamka jina la Mungu. Nikasikia klachi ya mkono inakatika na kava la ubavuni linapasuka.

Mguu wake ulikuwa umebanwa. Kijana na wenzake wawili walianza kuivuta kila mtu upande wake. Nikawaambia waache. Niliipa mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, nikasukuma kwa miguu mpaka ikasimama. Mume wangu alikuwa amechubuka muundi tu. Kilichoumia zaidi ni heshima yake.

Na baada ya yote hayo, baada ya mimi kuinyanyua peke yangu mbele ya macho yao, yule kijana akamwuliza yeye: "Sasa bosi, tunamalizanaje?"

"Muulize mwenye hela," mume wangu akasema, bado amekaa chini.

Ndipo kijana aliponiangalia. Nilimwambia nitalipa klachi na kava, hilo ni deni halali. Lakini afunge klachi nyingine sasa hivi, nami niijaribu. Alisita, kisha akatafuta klachi kwenye pikipiki nyingine, akafunga. Nikaitoa kwenye barabara ya nyuma ya yadi. Ya kwanza ikaingia vizuri. Nikaweka ya pili, nikavuta mafuta, na giya ikaruka ikatoka yenyewe, injini ikapiga kelele bila kusukuma kitu. Nikarudia. Ikaruka tena.

"Giya ya pili inaruka," nilimwambia niliporudi.

"Hiyo ndiyo tabia ya hizi kubwa, mama. Ukizoea hutaiona."

"Giya boksi imekufa. Ulijua?"

Akaanza kumwelezea mume wangu.

Nililipa klachi na kava la pikipiki mbovu ambayo sikuiangusha. Kuanzia Uyole mimi na mume wangu hatukusemezana. Mvua ilitukuta Isongole, ile mvua yetu ya baridi inayopenya kwenye shingo, na akaniegemea akapiga kelele ndani ya kofia yangu, "Nisamehe, mama watoto!" Nilimsikia vizuri sana. Nilimjibu tulipofika Kiwira.

Baada ya hapo nikaamua kutafuta peke yangu, na nilipata nilipokuwa sitafuti. Kisiba kuna mzee mmoja mwenye ng'ombe watatu ambao mimi ndiye ninayewahudumia. Ni mtu ninayempenda. Nikifika ananisalimia Kinyakyusa, "Ugonile, mwanangu," na nikimaliza kazi ananiambia "ndaga fijo", asante sana, mara nyingi kuliko kazi yenyewe, na siondoki bila mkungu wa ndizi. Siku hiyo nilikwenda bandani kwake kuchota pumba, nikaona turubai limefunika kitu kirefu. Nikainua pembe.

Ilikuwa ya mwanawe. Aliiendesha Dar es Salaam, kisha akapata kazi nje ya nchi, akaileta kwa baba yake na kumwambia aiuze akipata mtu. Nyekundu, cc mia saba na hamsini, imesimamishwa juu ya mbao ili tairi zisiguse udongo. Niliomba ruhusa, nikakaa nayo muda mrefu. Tairi zilikuwa zimekauka na kupasukapasuka. Ndani ya tanki kulikuwa na kutu. Betri ilikuwa imekufa. Lakini shokapu zilikuwa kavu, ncha za breki na klachi hazina mkwaruzo, nati za injini hazijawahi kuguswa na spana mbaya. Nikaweka giya nikazungusha gurudumu la nyuma, injini ikazunguka laini. Hiyo ndiyo pikipiki ambayo mtu mwenye mfuko wangu anapaswa kuitafuta: inaonekana mbaya pale panapotengenezeka, na nzima pale pasipotengenezeka. Hata bei aliyoitaja mwanawe ilikuwa ndani ya uwezo wangu, na ingebaki hela ya tairi.

Nilitoka bandani na mikono myeusi. "Baba, naitaka."

Mzee alicheka. Kisha akaona sicheki.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mwanangu, lile dude si la kuendesha. Mwenyewe alipokuwa anakuja nalo hapa, mama yake alikuwa hali chakula mpaka afike."

"Baba, unaniona kila wiki ninavyokuja hapa. Umewahi kusikia nimeanguka?"

"Sijasikia. Ndiyo maana sitaki kusikia." Akakamata mkono wangu mweusi hivyohivyo. "Nikuuzie kitu cha kukuua, halafu nikae hapa nile? Hapana."

Nilimweleza habari za kofia, za koti la ngozi, za mwendo. Nilimweleza kwamba nina watu wazima wawili nyumbani walioamua jambo hili, mimi na mume wangu. Alisikiliza yote kwa heshima, akasema hapana tena kwa heshima. Wale wa kwanza hawakuniona kabisa. Huyu aliniona, alinijua, alinithamini, na jibu lake lilikuwa lilelile. Nilipakia mkungu wangu wa ndizi nikaondoka.

Nilidhani atalainika. Nilimwachia muda. Niliporudi, ng'ombe wake mmoja alikuwa tayari, nikavaa glovu ndefu nikaanza kazi. Mkono wangu ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka begani, natafuta mlango wa kizazi, nilipotupa jicho kupitia uwazi wa ukuta nikaona mbao tupu bandani.

"Baba, pikipiki iko wapi?"

"Ilishakwenda. Nimemwuzia kijana mmoja wa mjini."

Sikuweza kugeuka. Mtu akiwa katika hali ile hawezi kugeuka. Nilizungumza na mkia wa ng'ombe.

"Baba, mimi ndiye niliyekuja kwanza. Hela ninayo."

"Najua, mwanangu."

"Na huyo kijana, anajua kuendesha?"

"Sikumwuliza. Simjui. Yule akianguka nitasikitika kama mtu. Ukianguka wewe, nitazika mtoto."

Nilimaliza kazi. Nilivua glovu, nikanawa, nikajaza kadi ya ng'ombe. Alisema ndaga fijo, nami nikaitikia, maana siwezi kumvunjia heshima mzee kama yule. Lakini nilipofika kwenye kona ya kwanza nilizima pikipiki nikapiga kelele peke yangu kwenye migomba. Ningemchukia ningepumzika. Kupendwa namna ile kunachosha kuliko dharau ya Ibighi, kwa sababu yule wa Ibighi nilimcheka, na huyu siwezi kumcheka wala kumchukia.

Mwezi uliofuata, nikiwa naelekea Kawetele, nilikuta kijana anasukuma pikipiki nyekundu kwenye mlima wa kando ya shamba la chai. Niliitambua kabla sijamwona mwenyewe. Nilitaka kupita. Nikasimama.

"Inazima, dada," alisema, jasho linamtiririka. "Inakwenda kidogo, inazima."

"Ulisafisha tanki?"

"Muuzaji hakuniambia kama ni chafu."

Nilitoa spana zangu. Tulifungua mpira wa mafuta, tukamwaga kilichokuwa kwenye kabureta: maji ya rangi ya chai, na unga wa kutu. Tulipuliza, tukafunga, ikawaka kwa kugusa tu. Aliona namna nilivyokuwa nikiisikiliza, nadhani, maana alinipa funguo bila mimi kuomba. "Ijaribu, dada, uniambie kama imekaa sawa."

Niliishusha mpaka chini ya mlima nikairudisha. Sijui nieleze nini. Ilinyooka kwenye lami bila kuvuta upande, giya ziliingia moja baada ya nyingine, na nilipovuta mafuta kwenye mpando, ule mpando ambao kila siku naupanda kwa giya ya pili nikiomba, ulikuwa kama haupo. Nilikuwa nimechagua sawasawa. Kila nilichokiona bandani kilikuwa kweli. Nilirudi nimeuma meno, na machozi yalikuwa karibu, ya furaha na ya hasira, sikuyatenganisha.

"Ikoje?" aliuliza.

"Nzuri sana."

"Nikuuzie?" Akataja bei. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mzee.

Nilimrudishia funguo. Nikamwambia asafishe tanki lote kwa fundi, na abadilishe tairi kabla mvua hazijachanganya, maana zile zilikuwa ngumu kama ubao na angelala kwenye kona ya kwanza yenye maji. Akaitikia ndiyo, dada, ndiyo, huku anajitazama kwenye kioo. Simu yangu ikalia. Kule Kawetele walikuwa wanauliza nimefika wapi, ng'ombe hangoji. Nikapanda kipikipiki changu nikaondoka, na yeye akanipita kabla sijaweka giya ya tatu.