Pete Ndani ya Tanuri

Watu walimwita Punje, na hakuwahi kununa. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi maabara, kwenye mgodi wa madini ya fedha na risasi, akiyeyusha unga wa mawe ndani ya vikombe vidogo vya majivu ya mifupa. Kikombe kilinyonya risasi yote, ikabaki punje ya fedha ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, naye akaipima huku amebana pumzi.

Mgodi ulishafungwa zamani. Yamebaki mashimo yaliyozungushiwa waya, bomba la moshi lililopinda, na maabara ambayo Punje huwafungulia wageni, akiwamiminia maelezo mpaka waanze kutazama saa. Mdadisi huyo! Kila jiwe alitaka kujua lina nini tumboni. Pete ya mama yake tu ndiyo aliyoikwepa, kwa woga.

Baba yake, mchochea moto wa tanuri hapo mgodini, alifukuzwa kazi kwa sababu ya pete hiyo. Msimamizi aliiona kidoleni mwa mama, akasema ni fedha ya wizi. Baba akaapa kwamba aliifua kutokana na mpini wa kijiko cha nyumbani. Mji mzima ukacheka.

Mama alipofariki, pete ikaangukia kwa dada mkubwa wa Punje, mshonaji. Asubuhi moja akaileta maabara, imeviringishwa kitambaani.

"Ipime, mdogo wangu. Nimezeeka na swali hili. Baba alikuwa mwizi, au hakuwa?"

"Dada, nikishaikata ndiyo basi tena."

"Kata bwana, acha porojo!"

Punje akakata kipande, akakifunga kwenye karatasi ya risasi safi, akakiweka kikombeni na kukisukuma tanurini. Wakakaa kwenye benchi.

Akakitoa kikombe. Akakichungulia kwa kioo cha kukuzia, akakigeuza huku na huku. Aliona ukoko mweusi, basi.

"Vipi?"

"Hakuna fedha, hata chembe. Ni kijiko, dada. Baba alisema kweli!"

Punje alitaka kurukaruka kwa furaha, lakini dada hakuinuka.

"Kesho yake baada ya kufukuzwa, Baba alishika kijiko kisicho na mpini aende kuwaonyesha wakubwa wa mgodi," alisema. "Akanionyesha mimi kwanza. Nikamwambia, 'Umekivunja jana ili utudanganye.' Akaenda kukitupa shimoni, hakumwonyesha mtu mwingine."