Zamu ya Maji Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Siku niliyoripoti kazini Masasi, nikitokea kwetu Chiwata na shati la kuazima, Afisa Utumishi alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba chenye kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. "Kijana, hii haiguswi ovyo," aliniambia. "Ikiharibika, ofisi nzima imelala." Ufundi wa kompyuta wakati ule ulikuwa hivyo: unapuliza vumbi, unabadilisha nyaya, unaomba Mungu printa isitafune karatasi siku ya kikao.

Baadaye nilihamishiwa Newala, chini ya Mkuu wa Idara ambaye hakupenda kusikia neno "haiwezekani". Ukimwambia mashine imekufa, anajibu, "Basi ifufue, si ndiyo kazi yako?" Alinichosha yule bwana, lakini ndiye aliyenizoesha kutotupa kitu. Nilistaafu hapohapo Newala. Nyumbani kulikuwa na kompyuta kuukuu aliyoiacha binti yangu Asha, imejaa vumbi uvunguni, na mke wangu alikuwa anautaka uvungu huo kwa karanga zake.

Nikaifufua. Niliifuta yote, nikaiwekea mfumo mwepesi wa bure, kisha nikaigeuza seva. Seva si dude la ajabu, vijana wangu: ni kompyuta inayokaa macho ikingoja kuulizwa, na ikiulizwa inajibu. Yangu haina hata kioo. Imeunganishwa kwa waya na ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, na jirani aliye karibu anafungua ukurasa wake kwenye simu bila bando.

Ukurasa wenyewe una jambo moja tu: leo maji yanafunguliwa mtaa gani na saa ngapi. Kwetu maji ni ya zamu, na watu hupanga ndoo bombani tangu alfajiri bila kujua kama yatatoka. Jirani yangu Mama Salma ni mama lishe. Akikosa maji hakuna uji, hakuna wali, na siku yake imekwenda bure. Kwa kweli nilimfanyia yeye. Fundi wa bomba alinipa ratiba ya wiki, mashine ikawa inatazama saa yake yenyewe na kuonyesha zamu ya siku.

Haukupita muda umeme ukakatika. Uliporudi, Mama Salma alisoma kwamba leo ni zamu ya mtaa mwingine, akatulia nyumbani. Maji yakatoka, yakafungwa. Alikuja kwangu na ndoo tupu, amefura kwa hasira, ila adabu hakuisahau.

"Shikamoo, Baba Asha."

"Marahaba, mama."

"Mashine yako imeniua! Wateja wangu nimewarudisha na njaa."

Aibu ilinishika. Nililifungua kasha palepale barazani, naye kasimama ananitazama. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara, kadiri ya kifungo cha koti, kinachotunza saa umeme ukizimika. Hicho kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo mashine iliamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na siku nyingine ya wiki. Nikapachika kipya. Tena nikaipanga hivi: mpaka nimpigie fundi wa bomba asubuhi na kuithibitisha zamu, ukurasa unasema "Sijui".

"Hilo la kusema haijui," alisema Mama Salma, "hilo nimelipenda." Lakini ndoo yake aliendelea kuipanga bombani kila alfajiri, na sikumlaumu.

Juzi asubuhi nilipita pale bombani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, yake sikuiona. Nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda kwake, nikamkuta anapepeta mchele huku anaimba.

"Mama Salma, ndoo yako iko wapi?"

"Si mmesema saa nane? Sasa niende kukaa kule nafanya nini?"

Wakubwa wangu waliniandikia barua nzuri za kunipongeza, na bado ninazo. Lakini katika utumishi wangu wote, hakuna aliyeniamini kiasi cha kuacha ndoo yake nyumbani.